Lebo nzuri, chupa isiyotupwa

Chukulia kazi imefika katika duka la steshenari pale Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang. Ni Ijumaa mchana, harusi ni kesho. Kamati imeagiza kutoka Arusha chupa ya tequila, pombe kali ya Meksiko, iwe zawadi ya baba mkwe. Wanataka ibandikwe lebo ya urembo: picha ya maharusi katikati, maua pembeni, majina na tarehe kwa herufi za dhahabu. Kijana wa duka anafungua kompyuta, anapima chupa kwa rula, kisha anauliza swali moja: karatasi iwe ya kung'aa au ya kawaida?

Hakuna anayeuliza chupa hiyo itakaa nyumbani muda gani, wala itabeba nini tequila ikishaisha.

Lebo ya urembo ina kazi moja ambayo wanaoiagiza hawaifikirii sana, nayo ni kumzuia mtu asitupe chupa. Chupa ya kawaida ikimalizika huokotwa na watoto wa mtaani, huuzwa kwa wanunuzi wa chupa au hutupwa shimoni. Lakini chupa nzito, yenye kizibo cha mbao na sura za wapendwa, nani ataitupa? Itaoshwa na kusimamishwa juu ya kabati la vyombo. Mwezi wa kwanza ni pambo. Mwezi wa sita mtu amekosa chombo cha kubebea mafuta ya taa, au baba amepimiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe na hana pa kuiweka, na chupa ile ipo, safi, ina kizibo kizuri kuliko chombo chochote humo ndani.

Hapo ndipo habari ya lebo inapokuwa habari ya afya ya watoto.

Mbulu na Hanang ni wilaya za wakulima na wafugaji. Nyumba moja inaweza kuwa na mahindi, maharage, mbaazi, vitunguu, mbuzi kumi na ng'ombe watano, na kila kimoja kina dawa yake. Dawa nyingi huuzwa dukani katika chupa za kiwandani zenye maelezo, ila mwenye ng'ombe watano hahitaji lita nzima. Anapimiwa kidogo. Anakwenda na chombo chake, na chombo chake mara nyingi ni chupa ya soda, ya maji au ya pombe. Mafuta ya taa nayo ni hivyo hivyo. Hata asali, ambayo ni fahari ya Hanang na jirani zake wa Singida, huuzwa kandokando ya barabara ikiwa kwenye chupa zilizowahi kuwa za pombe kali, lebo ya kwanza bado ikionekana nusu. Kwa mtoto wa miaka miwili, chupa ya Konyagi iliyomtolea asali jana na chupa ya Konyagi iliyo chini ya kitanda leo ni kitu kimoja. Na ana sababu ya kuamini hivyo, kwa kuwa watu wazima wa nyumba hiyo ndio waliomfundisha.

Watoto wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na minne ndio wanaodhurika zaidi kwa sumu za majumbani, na hilo halina siri. Wameshajua kutembea na kufungua, hawajajua kusoma wala kuonja kwa tahadhari. Wanaiga. Wamemwona babu akiinua chupa ya aina ile na kushusha pumzi kwa raha, basi nao watainua.

Sasa turudi Meksiko kidogo, maana huko kuna jambo la kujifunza kuhusu picha.

Kwa Wameksiko lebo ya tequila si karatasi tu. Jina hilo limelindwa kisheria tangu 1974, na pombe haiwezi kuitwa tequila kama haikutoka Jimbo la Jalisco au maeneo yaliyotajwa ya majimbo mengine manne, ikiwa imetengenezwa kwa agavi ya buluu. Lebo hutakiwa kuonyesha herufi NOM na namba inayotaja kiwanda, kiasi cha kilevi, na kama sukari yote iliyochachushwa ni ya agavi. Isipokuwa hivyo, angalau asilimia 51 ya sukari lazima iwe ya agavi. Rangi ya dhahabu, ambayo wengi hudhani ni dalili ya ukali, inaweza kuwa imetoka kwenye pipa la mbao, au ni sukari iliyounguzwa ikaongezwa kupendezesha macho. Agavi yenyewe si mgeni Tanzania. Ni ndugu wa mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893. Miche 1,000 ilisafirishwa na 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kwa hiyo mzazi wa Hanang akiona kwenye chupa picha ya mmea wenye majani kama mapanga, anaujua.

Picha nyingine ni ngumu zaidi kwa mtoto wa huku. Chupa nyingi za Meksiko hupambwa kwa fuvu la kichwa, mara nyingi likiwa limechorwa maua ya rangi machoni na kwenye paji la uso. Kule si kitisho. Novemba 1 na 2 kila mwaka familia huadhimisha Siku ya Wafu, hupika, hupeleka maua makaburini, na fuvu ni pambo la sherehe. Mchoraji José Guadalupe Posada, aliyefariki 1913, ndiye aliyechora fuvu la kike lenye kofia ya maua linalojulikana duniani kote. Mafuvu ya sukari hupewa watoto wayale.

Peleka picha hiyo hiyo kwenye nyumba ya mkulima Mbulu. Huko fuvu na mifupa miwili iliyopishana vipo kwenye kopo la kiuatilifu, na bibi ameshasema mara mia: ukiona hii, usiguse. Kisha siku ya sherehe baba anaingia na chupa yenye fuvu linalocheka, kila mtu anapiga makofi, na kinywaji kinamiminwa. Mtoto wa miaka sita anayetazama amepewa masomo mawili yanayopingana kwa picha moja. Lipi atalishika?

Wamarekani waliwahi kukutana na tatizo linalofanana na hili. Mwaka 1971, kituo cha kushughulikia sumu cha hospitali ya watoto ya Pittsburgh kiliona kwamba fuvu haliwatishi tena watoto, kwa kuwa walilihusisha na hadithi za maharamia wa baharini, tena timu ya besiboli ya mji huo inaitwa Pirates, yaani maharamia. Wakatengeneza stika mpya: uso wa kijani uliokunja pua na kutoa ulimi kama mtu aliyeonja kitu kibaya, wakauita Mr. Yuk. Watoto wenyewe walishirikishwa kuchagua sura na rangi waliyoichukia zaidi. Ilikuwa kazi nzuri ya usanifu, na stika zikasambaa nchi nzima.

Lakini watafiti walipopima miaka ya 1980 kama stika hizo zinawazuia watoto wadogo kugusa chupa, matokeo hayakupendeza. Watoto wa chini ya miaka mitatu hawakuzuilika. Baadhi ndio kwanza walivutiwa, kwa sababu stika ni kitu kizuri chenye rangi. Hili ni la kukumbukwa na kila mzazi anayedhani kubandika karatasi kunatosha. Lebo haimlindi mtoto mchanga. Kinachomlinda ni kufuli na urefu, yaani sanduku linalofungwa au rafu asiyoweza kuifikia hata akipanda kwenye kigoda. Na watoto hupanda.

Basi lebo ni ya nani? Ni ya wengine wote walio nyumbani. Ni ya dada wa miaka tisa anayeachiwa mdogo wake wakati mama yuko shambani. Ni ya bibi ambaye macho yamepungua nguvu. Ni ya mgeni aliyekuja msibani na kuamka usiku akitafuta maji ya kunywa kwenye giza. Watu hawa wanaweza kuelewa alama, kama imechorwa kwa ajili yao.

Na hapo Mbulu na Hanang zina ugumu ambao wilaya nyingi hazina. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, Kinyaturu na Kinyiramba ni za Kibantu, na katika Bonde la Yaeda Wahadzabe huzungumza lugha yao yenye sauti za kugonga ulimi. Ni sehemu chache sana Afrika ambako familia zote hizo za lugha zinakutana kwenye mnada mmoja. Lebo ya kiwandani huja kwa Kiswahili na Kiingereza, mara nyingine Kiingereza peke yake, kwa herufi ambazo hata kijana mwenye macho mazuri huzisogezea tochi ya simu. Mama mkwe anayezungumza Kidatoga tu, au Kiiraqw tu, hana anachopata humo isipokuwa picha. Kwake picha ndiyo lebo yote.

Zamani pombe haikuhitaji karatasi. Miongoni mwa Wadatoga, pombe ya asali ilikuwa ya wazee. Iliandaliwa kwa shughuli zenye maana, kama ndoa au bung'eda, maziko ya heshima ya mtu mkubwa, na ikawekwa kwenye vibuyu. Kila aliyekuwepo alijua nani aliipika, imekaa siku ngapi, nani anakunywa na nani haruhusiwi. Si kwamba ilikuwa salama kwa kila hali, pombe ni pombe. Lakini taarifa yake ilikuwa kwa watu waliokaa pamoja. Chupa iliyosafiri kutoka mbali haina mtu wa kuisemea, ina karatasi tu, na karatasi ikifunikwa au ikidanganya, hakuna wa kumuuliza.

Kufunikwa ndilo kosa la kwanza la lebo ya urembo. Kijana wa steshenari, asipoambiwa, atakata karatasi izunguke chupa yote kwa kuwa inapendeza zaidi. Chini yake kutakuwa kumezikwa kiasi cha kilevi, ujazo, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na onyo la umri. Wateja wakimwambia aweke picha mbele tu na kuacha mgongo wa chupa wazi, kazi haiharibiki hata kidogo. Stempu ya kodi nayo iachwe. Tangu Januari 2019 pombe kali inayouzwa nchini inatakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki ya TRA, na programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu humwezesha mnunuzi yeyote kuipima kama ni halali. Sekunde chache tu, papo hapo dukani, kabla ya kulipa. Kwa zawadi ya harusi, lebo ya picha ni mapambo. Kwa chupa ya kuuza, kufunika maelezo ya kiwanda si urembo tena, ni jambo la TBS na polisi.

Kiasi cha kilevi ndicho namba ambayo mzazi asikubali ifichwe. Hesabu yake ni nyepesi, zidisha ujazo kwa asilimia. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina mililita 70, karibu bia tatu. Tequila ya mililita 750 yenye asilimia 40 ina mililita 300, sawa na bia 12. Ikiwekwa mezani na kugawanywa kwa wazee wanne walioona "ni kachupa kamoja tu", kila mmoja amekunywa bia tatu.

Kwa mtoto hesabu inatisha zaidi. Mtoto wa kilo 12, yaani wa miaka miwili hivi, akinywa vijiko viwili vikubwa vya tequila, mililita 30, ni sawa na baba wa kilo 70 kumeza kile kichupa chote cha mililita 200 kwa mkupuo mmoja. Na mwili wa mtoto haufanani na wa baba. Ini lake dogo likishughulika na kilevi hushindwa kutoa sukari ya kutosha kwenye damu, sukari inashuka, na mtoto anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu huku wakubwa wakicheka kwamba "amelewa, mwacheni alale". Glasi zenye mabaki asubuhi ya baada ya sherehe ni hatari kubwa kuliko chupa yenyewe, kwa sababu ziko chini, mezani, na watu wote wamelala. Atakayeamka wa kwanza ni nani? Ni yule wa miaka miwili.

Mama mjamzito naye hana lebo inayomtosha. Hakuna kiasi cha pombe kilichothibitika kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni, na Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hata kwa watu wengine hakuna kiwango kisicho na madhara kwa afya. Pombe imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1988. Maneno yaliyozoeleka kwenye matangazo ni "kunywa kistaarabu", ambayo ni ushauri wa tabia, si taarifa ya afya. Mtu anaweza kunywa kwa ustaarabu mkubwa na mimba ikadhurika.

Serikali iliwahi kuona kwamba kifungashio chenyewe kinaweza kuwa tatizo. Februari 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwa Mirerani, mkoa huu huu wa Manyara, alitangaza mwisho wa pombe ya viroba, na marufuku ikaanza Machi 1 mwaka huo. Kiroba kilikuwa kidogo, cha bei ya mtoto wa shule, chenye rangi kama za pipi, na kiliingia kwenye mfuko wa kaptula bila mwalimu kuona. Hakuna aliyehitaji kubadilisha pombe iliyokuwa ndani ili watoto wasiifikie kirahisi. Ulibadilishwa mfuko.

Kuna lebo inayofunika, na kuna inayodanganya. Gongo, ambayo kaskazini wengi huiita piwa, huweza kumiminwa kwenye chupa ya kiwanda na kuuzwa kwa jina lisilo lake. Chupa nzuri iliyotupwa nzima ndiyo malighafi ya mtu huyo. Hatari inayoua haraka ni methanoli, kilevi cha viwandani ambacho waongo huongeza ili pombe iwe kali kwa gharama ndogo. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa katika Kaunti ya Kirinyaga, pia Kenya. Ladha haikuonyeshi. Kuwasha kiberiti na kutazama rangi ya moto, mtindo unaoaminiwa na wazee wengi, hakuonyeshi pia. Methanoli hujificha. Aliyeinywa anaweza kuonekana mlevi wa kawaida, akalala, akaamka salama, na dalili zikaja saa 12 hadi 24 baadaye: tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu, macho kuona ukungu. Baba anayesema "sioni vizuri" siku ya pili baada ya kunywa hahitaji supu ya kutoa uchovu. Anahitaji hospitali saa hiyo, kwa kuwa tiba ipo ikiwahiwa, na asipowahi, upofu hubaki.

Kwa hiyo sherehe ikiisha, picha ya maharusi ibanduliwe kwa maji ya moto na iwekwe kwenye albamu, au karatasi ikatwe vipande pamoja na lebo ya kiwanda. Chupa itakayotupwa ichanwe lebo kwanza. Itakayobaki ndani ipewe kazi moja ya kunywa au kula, maji au asali, na isiwahi kubadilishwa kazi. Chupa iliyobeba dawa haioshwi ikarudi mezani, hata kwa sabuni ngapi.

Dawa za mifugo na za shamba zikae katika vyombo vyake vya kiwandani. Zina ukanda wa rangi chini ya lebo, na rangi hiyo ni lugha ambayo hata asiyesoma anaweza kufundishwa kwa dakika moja: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Kijani haina maana ya salama. Mnunuzi wa kiasi kidogo anaweza kuungana na majirani wawili, wakanunua chupa nzima yenye lebo na kuitunza kwa mmoja wao. Haigharimu zaidi ya kupimiwa.

Na kama hakuna namna, imebidi dawa au mafuta ya taa yaingie kwenye chombo kingine? Kisiwe chupa ya kinywaji, hilo kwanza. Kidumu cha mafuta ya kulainisha mashine ni afadhali, maana hakuna mtoto aliyewahi kuona mtu akinywea humo. Kisha kichorewe lebo ya nyumbani, na hapa ndipo watoto wakubwa waitwe na kalamu zao. Wachore kwa wino usiofutika alama ambayo nyumba nzima imekubaliana: uso unaotapika, mkono wenye mkasi wa X, chochote ambacho bibi akioneshwa atasema ni kibaya bila kuelezwa. Wamwoneshe bibi wasimwambie. Akikosea, wachore tena. Jina la dawa liandikwe chini kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, na tarehe. Utepe mwekundu ufungwe shingoni ili hata gizani mkono uuhisi. Mtoto aliyechora alama hiyo ataifundisha kwa wadogo zake kwa ukali ambao hakuna mzazi anaouweza.

Halafu kidumu kifungiwe, juu.

Ikitokea mtoto amekunywa, mazoea mawili yaachwe. La kwanza ni kumtapisha. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na mapafu ndiyo yanayoua, si tumbo. La pili ni maziwa, mafuta ya kula au mayai mabichi. Hayaui sumu, na yanaweza kumfanya atapike. Avuliwe nguo zilizoloa, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, alazwe ubavu kama amelegea. Aliyekunywa pombe, akiwa macho na anameza vizuri, apewe maji ya sukari kidogo kidogo wakati safari inaendelea. Aliyekunywa dawa ya mifugo anaweza kuanza kutoa mate mengi, jasho na machozi, na mboni za macho kuwa ndogo kama nukta. Hiyo ni dharura ya dakika, si ya saa.

Safari ianze mara moja, zahanati iliyo karibu kwanza, kisha hospitali ya wilaya Katesh au Mbulu, au Haydom ambako hospitali ya Walutheri imekuwa ikipokea wagonjwa wa pande zote mbili tangu 1955. Mvua ikinyesha, barabara za huku hazimsubiri mtu. Pikipiki iitwe kabla ya majirani. Na anayembeba mtoto abebe na chupa, hata kama imebaki tone moja, hata kama lebo imechanika, ili daktari asianze kwa kukisia.